Kabla hujanunua spika za studio, pima chumba chako

Mwaka huu nimeulizwa swali moja na watu watano tofauti, nami nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hiyo naliandika hapa mara moja liishe. Swali lenyewe ni hili: "Nina vijisenti nimeweka, nataka spika za studio, zile wanaziita monita, za kutengenezea muziki nyumbani na za kufanyia mazoezi ya udijei. Ninunue gani?"

Nami huuliza: chumba chako kina urefu na upana gani?

Watu hudhani nawafanyia mzaha. Wa mwisho, kijana wa Tudor, alinijibu, "Kaka, nimekuuliza spika, wewe wanipimia kapeti." Basi kaeni niwaeleze yaliyonipata, kwa sababu somo hili mie nimelilipia, na pesa hazikuwa peke yake zilizopotea.

Nakaa Mbaraki, ghorofa ya tatu, si mbali na ule mnara wa kale wa mawe. Kazi yangu ni kuandika programu, na usiku nikitoka kwenye kodi ya watu natengeneza muziki. Miaka miwili nyuma nilimaliza kandarasi moja iliyolipa vizuri, nikaenda moja kwa moja kununua spika za inchi 8. Sitaji za kampuni gani kwa sababu kosa halikuwa lao. Nilisoma karatasi ya vipimo kama tunavyosoma sisi watu wa kompyuta: namba kubwa ndiyo bora. Hizi zinashuka mpaka chini ya 40 Hz, zile za inchi 5 zinaishia hamsini na kitu, basi nani atachukua za inchi 5?

Chumba changu ni mita 3 kwa mita 3. Sakafu ni vigae, kuta ni saruji, dirisha ni la vioo vya kuteleza. Nikaweka meza, nikaweka kiti katikati kabisa ya chumba kwa sababu hapo ndipo feni ilipo. Wanaoishi Mombasa mwezi wa Februari hawatanilaumu.

Kazi ya kwanza niliyofanya na spika zile ilikuwa ya binamu yangu. Ni kibarua bandarini. Alikuwa ametunga wimbo wa kumkumbuka mamake, shangazi yangu, aliyefariki mwaka uliotangulia. Sauti yake si ya kitaalamu, lakini maneno yale, wallahi, ukiyasikia unanyamaza. Tukarekodi, nikamiksi wiki mbili. Tatizo likawa besi. Kila nikisikiliza, besi haipo. Nikaipandisha. Bado. Nikaipandisha tena, mpaka karibu na 60 Hz nilikuwa nimeongeza desibeli 6, maana yake ukubwa wa wimbi mara mbili. Hapo ndipo nikaridhika. Nikampa faili, akampelekea rafiki yake dereva wa matatu.

Tulipanda pamoja kutoka Feri kuelekea Mwembe Tayari, binamu yangu amevaa shati la Ijumaa. Wimbo ukaanza. Kilichotoka kwenye lile gari kilikuwa mngurumo mtupu. Vioo vinatetemeka, sauti ya binamu imezama chini huko, husikii hata neno moja. Hatujafika hata Ganjoni, kondakta akabadilisha wimbo bila kusema kitu. Binamu yangu naye hakusema kitu. Alitazama nje ya dirisha mpaka tukashuka. Ndugu zangu, nimewahi kuangusha seva ya mteja siku ya mishahara na sikujisikia vile.

Usiku ule nikafanya ambalo ningelifanya siku ya kwanza lau kama ingekuwa programu: nikatafuta mdudu. Niliandika vijistari vichache vya Python vya kutoa mlio mmoja mtupu, kuanzia 30 Hz kupanda taratibu hadi 200 Hz, nikakaa kitini nikasikiliza. Ulipofika kwenye hamsini na kitu, mlio ukapotea. Nikadhani spika imeharibika. Nikasimama kwenda kuikagua, na nilipofika ukutani mlio ukanivaa kama lori. Nikarudi kitini, kimya. Nikaenda pembeni, lori.

Hesabu yake ni ya shule ya upili. Katika joto letu sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaingia sawasawa kati ya kuta mbili hugonga huku na kule na kujijenga, na linasimama pale pale. Chukua 348, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba: 348 kwa 6 ni 58. Kwa hiyo chumba changu kina wimbi lake la 58 Hz. Kwenye kuta linavimba, na katikati linajifuta. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mawimbi mawili ya 58 Hz yanajifuta mahali pamoja, yaani chini ya feni yangu, kwenye kiti changu. Besi ya wimbo wa shangazi ilikuwepo tangu mwanzo. Mie nilikuwa nimekaa mahali pekee chumbani ambapo haisikiki, nikaiongeza maradufu, kisha nikaipeleka kwenye matatu yenye mawufa nyuma yote.

Kwetu kuna mwandishi wa programu anayesema "kwangu inafanya kazi" huku kwa mteja kila kitu kimelala. Ndiyo hayo. Chumba kilikuwa ni mashine yangu.

Sasa ukiniuliza spika, maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaopinga. Kwa chumba cha kawaida cha kupanga Mombasa, usinunue inchi 8. Nunua inchi 5, zikae karibu nawe, kama mita moja, ili unachosikia kwanza kiwe spika kabla kuta hazijaanza kuchangia. Yamaha HS5, JBL 305P, Adam T5V, yoyote kati ya hizo itakufanyia kazi. Ya Yamaha vipimo vyake vinaanzia 54 Hz, ya JBL 43 Hz, ya Adam 45 Hz, lakini mkisoma namba hizo kumbukeni kwamba hapo mwisho spika imeshashuka desibeli kadhaa, na si kila kampuni hupimia kiwango kile kile, kwa hiyo msizilinganishe kama bei ya nyanya. Ninachopenda kwenye HS5 ni swichi ndogo nyuma, ya kupunguza besi kwa desibeli 2 au 4 ukiiweka karibu na ukuta. Na utaiweka karibu na ukuta, kwa sababu utaenda wapi?

Mtaniambia inchi 5 hazina besi ya kutosha. Ni kweli hazina ile ya kutikisa kifua. Lakini kumbukeni Yamaha NS-10, ile yenye koni nyeupe mnayoiona kwenye kila picha ya studio ya zamani. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya sebuleni, wasikilizaji wa nyumbani hawakuipenda, besi yake kidogo, sauti za juu kali mpaka mafundi wakawa wanatundika karatasi ya chooni mbele ya twita. Na juu ya hayo ilibaki studioni mpaka Yamaha ilipoacha kuitengeneza mwaka 2001, kwa sababu sehemu ya katikati, ile ya sauti ya mwimbaji, iliianika bila huruma. Fikirieni wimbo wa kwetu unasikilizwa wapi: simu, tuktuk, redio ya jikoni. Sauti ya Juma Bhalo, au tashkota iliyokuwa ikipigwa nyuma ya Zuhura Swaleh, vyote vinaishi hapo katikati. Ukipatia hapo, wimbo unasafiri. Besi unaihakikisha kwa hedifoni nzuri, maana hedifoni haina kuta.

Zile sponji nyembamba zenye miiba, na trei za mayai, naomba mziache. Wimbi la 58 Hz lina urefu wa mita 6. Sponji ya sentimita 5 haliioni hata kidogo. Inachokula ni sauti za juu peke yake, kwa hiyo chumba kinakuwa kizito na besi inabaki na wazimu wake. Mie nilimwendea fundi seremala, akanipigia fremu nne za mbao zenye kina cha sentimita 15, nikajaza ile sufu ya madini wanayozuilia joto, nikavisha gunia juu. Mbili ziko kwenye pembe za mbele na mbili pembeni yangu. Pa kuweka hizo za pembeni utapajua hivi: mwenzako ashike kioo atembee nacho ukutani, na pale utakapoiona spika ukiwa umekaa kitini, hapo ndipo. Hazikuliondoa tatizo la 58 Hz lote. Lililoliondoa zaidi ni la bure, nalo ni kusogeza kiti. Anza na asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, kwangu ni mita 1 na sentimita 14, halafu sogea mbele na nyuma huku mlio ukicheza mpaka upate mahali pasipo shimo kubwa. Feni sasa inapuliza kisogo changu. Sawa tu.

Madijei, ninyi nawapitia haraka kwa sababu shida yenu ni nyingine. Kwa mazoezi ya kuunganisha nyimbo, unyoofu wa sauti si muhimu kama wakati. Spika ya Bluetooth haifai kabisa. Wimbo wa mapigo 125 kwa dakika una milisekunde 480 kati ya pigo na pigo, na Bluetooth ya kawaida inaweza kukuchelewesha 200, karibu nusu ya pigo. Utasukuma sahani ukidhani umekosea kumbe ni hewa. Waya, basi. Na waya uwe ule wa nyaya tatu kutoka kwenye saundikadi ya nje, la sivyo umeme wetu wa 50 Hz utakuimbia chini kwa chini usiku kucha. Na punguzeni sauti. Kipimo kinachotumiwa sana cha usalama wa masikio ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unapungua nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una robo saa tu. Mama wa ghorofa ya nne ana presha, hilo pia ni sababu.

Jambo ambalo bado linanichekesha ni hili. Nilipomaliza fremu zangu nikachukua kompyuta na spika mpya za inchi 5 hadi kwa bibi, Mji wa Kale, upande wa Kuze, nilinganishe. Chumba chake ni cha kizamani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko. Wajenzi wa zamani walifungwa na urefu wa boriti, hivyo vyumba vile vina upana kama mita 2.8 na vinarefuka kwenda ndani, cha bibi karibu mita 6. Kwa hesabu ile ile, urefu una 29 na 58, upana una 62. Mawimbi yametawanyika, hayalundikani mahali pamoja kama kwangu. Na zile boriti zimekaa moja moja, hivyo sauti za juu hazirudi kama zilivyokwenda. Ongeza magodoro, mito, mapazia, na kabati la nguo la tangu harusi yake. Nikapiga mlio wangu kutoka 30 hadi 200 na shimo lilikuwepo, lakini dogo, la kuvumilika. Mie nimelipa seremala, bibi hajafanya lolote.

Hapo kwa bibi ndipo nilipoumiksi upya wimbo wa binamu. Ile desibeli 6 niliifuta yote, nikakata kidogo tena. Bibi alikuwa amekaa kitandani akichambua mchicha. Ilipofika ubeti wa pili, ambapo shangazi anatajwa kwa jina lake la utotoni, aliacha kuchambua. Shangazi alikuwa bintiye.

Sikumwuliza chochote. Nilihifadhi faili, nikaipeleka kwa binamu bandarini saa ya chakula, na nikamwambia safari hii asikilize kwa simu yake kwanza kabla ya kuipa matatu.

Zile spika za inchi 8 zimeenda Likoni, kwa jamaa anayepiga muziki wa harusi nje uwanjani, mahali ambapo hakuna kuta. Anasema hajawahi kuona spika nzuri kama hizo. Na mie naamini.