Mzazi haitwi shuleni ila siku ya pesa

Karatasi inafika nyumbani mkononi mwa mtoto: mzazi anaombwa kufika shuleni Ijumaa saa tatu. Hapa Baraka hakuna anayeuliza kikao ni cha nini. Mama anafungua fundo la kitenge chake, anahesabu franka alizopata kwa kuuza ndakala, na zisipotosha anabaki nyumbani kwa haya. Kisha tunasikia direkta akilalamika kwamba wazazi wa Fizi hawajali masomo ya watoto wao.

Maneno hayo nayakataa. Wanajali. Wamechoka kuitwa kama mfuko.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza kuitekeleza, na watoto wakajaa madarasani. Lakini walimu wengi ni N.U.: wamepewa darasa, wanafundisha kila asubuhi, na jina halimo kwenye listi ya malipo. Mwalimu huyo naye ana watoto wanaokula. Simlaumu. Ila prime iliyofukuzwa mlangoni imerudi kwa dirisha: mara mchango wa ulinzi, mara karatasi za mtihani, mara pesa ya buletini.

Na nani anaidhinisha michango hiyo? Komite ya wazazi, COPA. Kwa kawaida yake, COPA ndiyo sauti ya wazazi, na wajumbe wake wanaketi pia katika baraza la usimamizi, COGES, pale pesa za shule zinapopangwa. Katika shule nyingi ninazozijua, COPA ni watu watatu wanne, jamaa wa direkta, wanaosaini wanacholetewa. Wewe unayesoma hapa, Mboko au Sebele, umewahi kuona hesabu ya shule imebandikwa ukutani? Mimi nimeiona mara moja tu, nayo ilikuwa ya mwaka uliopita.

Walioumia zaidi ni wenzetu waliokimbia vita. Wametoka Lulenge, wametoka milimani, tangu Februari 2025 wengine wametoka upande wa Bukavu. Wengi hawamo kambini. Wamelala katika nyumba za wenyeji, familia mbili au tatu chini ya bati moja. Mtoto anaingia darasani bila karatasi za shule aliyoikimbia, anarudishwa darasa la chini, na mzazi wake hana wa kumwuliza, kwa sababu hakuna mkimbizi hata mmoja katika komite. Siku ya kuchangisha, jina lake lipo. Siku ya kuchagua wajumbe, anaambiwa yeye ni mpita njia.

Mpita njia! Watu wa Fizi tumesahau upesi namna hii? Mwaka 1996 tulivuka ziwa, tukaketi Nyarugusu na Lugufu huko Kigoma. Kule watoto wetu walisoma programu ya Kongo katika nchi ya watu, na waliowafundisha walikuwa wakimbizi wenzao. Mwalimu alikuwa jirani. Baba akikuta mtoto wake anazurura saa nne, alijua mlango wa kugonga, na mwalimu akigonga mlango wa baba hakuja kudai pesa. Meli za UNHCR zilipoanza kuturudisha Baraka mwishoni mwa 2005, vijana wengi walishuka wakiwa na shule kichwani kwa sababu hiyo. Tuliweza tukiwa hatuna kitu.

Sasa na sisi wazazi tuambiane. Elimu ya bure haikumaanisha kwamba serikali imemchukua mtoto. Baba anayempeleka kijana wa miaka kumi na miwili machimboni Misisi katikati ya mwaka wa masomo, asimtaje direkta. Na ule udhuru wa “sikusoma, sijui Kifaransa” hauna miguu. Sheria ya elimu ya 2014 imezipa lugha zetu za taifa nafasi yake darasani, na madarasa ya kwanza hapa kwetu hufundishwa kwa Kiswahili. Mama anayejua herufi chache anaweza kuketi na mtoto mbele ya moto, amsikilize akisoma. Asiyejua hata moja anaweza kuuliza: leo mmefanya nini? Mtoto anayeulizwa kila jioni anajua kesho ataulizwa tena. (Na walimu wanaowacheka mama hao mbele ya watoto wao waache. Nimeliona kwa macho yangu.)

Kabla ya michango mingine, shule zetu zifanye haya. Komite ichaguliwe upya, wazazi wote wakiwapo, na familia zilizokimbia zichague mjumbe wao wenyewe, si kuchaguliwa na direkta. Hesabu isomwe kwa sauti: kilichoingia kutoka kwa serikali, kilichotoka kwa wazazi, kilichonunuliwa. Asifukuzwe mtoto darasani kwa deni la mzazi. Kikao kifanyike jioni, soko likiisha, kwa Kiswahili.

Direkta anayeona haya ni mengi aniandikie sababu zake. Nitazisoma hapa zote, bila kukata neno.