Usimwite mvivu, ni goti

Mwezi huu tuongee goti, na usigeuze ukurasa ukidhani ni mambo ya wazee. Nilikuwa Dindira, kule milima ya Usambara upande wa Korogwe, nchi ya chai na miteremko. Kijiweni nikawakuta akina kaka wakilalamika kwamba wake zao siku hizi “wanadeka”, eti wakitumwa kuni tu, wanashika goti. Jamani!

Nisikilizeni. Wengi tunadhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunamaliza pumzi. Goti linateswa zaidi na kushuka. Mtu akishuka ngazi, goti hubeba zaidi ya mara 3 ya uzito wa mwili wake, na hapo hajajitwika kuni wala kikapu cha chai. Breki yake ni msuli wa mbele ya paja. Msuli ukichoka, mzigo unaikandamiza pia ya goti, ndiyo maana maumivu yanakuja mbele, wakati wa kushuka au baada ya kukaa muda mrefu kwenye basi umekunja miguu.

Lipo pia la ghafla. Unateleza kwenye tope, mguu umekwama, mwili unageuka. Ukisikia “pwa!” ndani na goti likavimba saa chache tu baadaye, shuku kano ya katikati imekatika. Likivimba kesho yake, kisha likawa linakwama na kukataa kunyooka, shuku gegedu, vile vipande viwili kama mwezi mchanga vinavyokaa katikati ya mifupa.

Goti lililoteguka leo halichuliwi leo! Fundi wa kuchua anaweza kuwa na mkono mzuri sana, lakini kulisugua na kulikanda kwa maji moto siku za mwanzo kunaongeza uvimbe. Siku 2 au 3 pumzika, weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 hivi mara kadhaa kwa siku, mguu uwe juu ya mto. Ukishindwa kukanyaga hatua 4 au kulikunja hadi nyuzi 90, shuka Magunga pale Korogwe mjini ukapigwe eksirei. Ila eksirei inaonyesha mfupa, siyo kano. Ukiambiwa picha ni safi na goti bado linakulegea njiani, omba rufaa. MOI, Muhimbili, wanalipasua kwa matundu madogo, ingawa si kila kano iliyokatika inahitaji kisu. Na kupona si mchezo: Van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 2020, akarudi ligini Agosti 2021.

Lile la taratibu dawa yake kubwa ni mazoezi, wala hutaki jimu. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu hadi 5, shusha polepole. Mara 10, pumzika, rudia mizunguko 3. Vumilia wiki 6 hadi 12. Vidonge vya maumivu vya kununua dukani kila siku vinaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Sasa nyie wa kijiweni, wiki hizo kuni mtabeba nyie. Na mkatieni mama fimbo, aishike mkono wa upande wa goti zima. Ndiyo, zima! Wengi wanaishika upande unaouma. Tukutane mwezi ujao.