Linki badilisha mwenyewe, springi mwachie fundi

Gari likigonga ko-ko-ko kila tuta la mtaani, usikimbilie gereji. Si lazima kila kelele ikule mshahara. Mara nyingi ni linki za stabilaiza, na hizo utazibadilisha mwenyewe hapo kwa paking ya ploti. Nunua mbili, kushoto na kulia, pale Kirinyaga Road. Nati zikiwa na kutu, zipulizie mafuta jioni, ufungue asubuhi.

Lakini msee, usiamini jeki peke yake. Weka stendi mbili chini ya chesisi. Mawe hapana, na matofali hupasuka bila kukuonya.

Bushi nazo zina siri yake: boliti ikaze mwisho, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukiikaza gurudumu likining'inia, mpira unajipinda, unakatika mapema. Mafundi wengi wa kando ya barabara huruka hapo, halafu unalipa tena.

Springi ya shoki ya mbele ndiyo nakataa. Imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya, na kuna watu huifungua wakiwa wameifunga kwa waya! Mpelekee mwenye kifaa cha kuibana, kisha ukafanyiwe alainimenti.