Kupumzika na Kupumzisha: Amri ya Sabato na Mtumishi wa Nyumbani

Mjadala kuhusu kazi na mapumziko umeshamiri mno katika mahubiri na semina za Kikristo humu nchini. Aghalabu anayehutubiwa ni meneja, mhadhiri au mfanyabiashara aliyechoka, ambaye huaswa azime simu, alale mapema na kuipa familia yake nafasi. Ni nasaha njema. Hata hivyo, naona kwamba mahubiri ya aina hii yamekishika kitenzi kupumzika na kukisahau kupumzisha, ilhali ni hicho cha pili kinachobeba uzito wa amri yenyewe.

Hebu tuitazame amri hiyo, ambayo Waprotestanti wengi huihesabu kuwa ya nne na Wakatoliki ya tatu. Katika Kutoka 20 sababu ya Sabato ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, akapumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu inabadilika. Waisraeli wanakumbushwa kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwa hiyo mtumwa na mjakazi wao sharti wapumzike sawa na wao. Anayeambiwa haya ni mwenye nyumba. Yeye ndiye anayeamriwa asiwafanyishe kazi mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda wala mgeni.

Lugha yetu inatusaidia kuliona jambo hili bayana. Kupumzika kunatokana na pumzi. Anayepumzika hurudiwa na pumzi zake. Kiebrania nacho kina kitenzi chenye mzizi mmoja na nefesh, neno lihusulo pumzi na uhai, ambalo ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa nafsi. Kitenzi hicho kinatokea mara tatu tu katika Agano la Kale. Mara moja ni Daudi, alipofika akiwa hoi baada ya kumkimbia Absalomu. Katika Kutoka 31:17 kinamhusu Mungu mwenyewe baada ya kuumba mbingu na nchi. Katika Kutoka 23:12 kinamhusu mwana wa mjakazi pamoja na mgeni. Yaani pumziko la Muumba na pumziko la mtoto wa mtumishi yametajwa kwa kitenzi kimoja! Ni nadra kuisikia hoja hii mimbarini.

Sasa tuingie majumbani mwetu. Jumapili yaya huamka saa kumi na moja alfajiri, akawaogesha watoto, akapiga pasi nguo za ibada na kuandaa chai. Familia ikishaondoka kwenda kusikiliza neno kuhusu pumziko, yeye hubaki kufua na kuwapikia wageni watakaofuatana nayo kutoka kanisani. Huitwa "msichana wa kazi" hata akiwa na wajukuu. Methali isemayo mchumia juani hulia kivulini inachukulia kwamba mchumaji na mlaji ni mtu mmoja. Katika nyumba nyingi ni watu wawili.

Wapo watakaodai kwamba yeye ni kama binti yao, hana haja ya siku rasmi. Ajabu ni kwamba binti naye yumo katika orodha ya amri. Wengine watauliza nani atamlisha mtoto mchanga au kumhudumia mgonjwa. Hili ni swali la haki, na katika Luka 13 Yesu anakubali kwamba hata siku ya Sabato ng'ombe hufunguliwa akanyweshwe maji. Lakini dharura huleta zamu. Haimnyimi mtu siku yake mwaka mzima.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na mtumishi wa nyumbani hakutengwa. Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataja saa 24 mfululizo. Inasikitisha kwamba Mkristo ahitaji kukumbushwa na bunge jambo ambalo Musa alikwisha kulisema.

Sisi wanafunzi wa fasihi hatuna pa kujificha. Tumemchambua Kijakazi wa Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, tukaandika kurasa na kurasa kuhusu utabaka na unyonywaji. Yamkini baadhi ya tasnifu hizo zilichapwa huku chai ikiletwa mezani na mtu ambaye hajapata siku ya mapumziko tangu Krismasi.

Makanisa yetu yamebishana kwa miaka mingi kuhusu siku ipi ndiyo ya Bwana, na ubishi huo umetumia nguvu nyingi kuliko swali la nani anapumzika siku hiyo. Siku ya mtumishi itajwe kwa jina katika makubaliano ya kazi. Ianze asubuhi, wala si baada ya vyombo vya chakula cha mchana kuoshwa, na mshahara usikatwe kwa sababu yake. Iwapo yeye ni Msabato na waajiri wake ni Waanglikana, jambo ni jepesi kuliko tunavyodhani: yeye apumzike Jumamosi, nao Jumapili wajipikie chai.