Mirija ya Siku Hizi ni Ujuzi

Wako watu wanaodhani kwamba nguvu ya makampuni makubwa ya bioteknolojia imo katika hataza zao, na kwamba siku hataza hizo zitakapolegezwa wanyonge watajitengenezea dawa. Dhana hiyo ni kasumba, na yafaa ing'olewe.

Mwezi Oktoba 2020, kampuni ya Moderna ya Marekani ilitangaza kwamba haitamshitaki mtu atakayetumia hataza zake kutengeneza chanjo ya UVIKO-19 wakati wa janga. Walimwengu walishangilia. Lakini mwaka mzima ukapita bila ya kiwanda hata kimoja cha Afrika kuitengeneza. Kampuni ilikuwa imefungua lango, ikabaki na ufunguo wa ghala.

Ufunguo huo ni ujuzi. Hataza hueleza kitu kilichovumbuliwa. Haifundishi kila hatua ya kiwandani. mRNA ni kitu dhaifu, huharibika upesi, na hufunikwa kwa chembe ndogo mno za mafuta. Vipimo vya kuchanganya, mwendo wa mitambo, namna ya kusafisha na kukagua, yote hayo yamo katika siri za kampuni na mikononi mwa mafundi waliozoeana kwa miaka mingi. Mshindani aweza kununua mitambo. Miaka hiyo haiuzwi sokoni.

Je, ujuzi huo ni jasho la mabepari peke yao? Hata kidogo! Utafiti wa Katalin Karikó na Drew Weissman, uliotangazwa mwaka 2005 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ulifanyika chuo kikuu. Serikali ya Marekani nayo ilimwaga mabilioni ya dola za umma katika chanjo ya Moderna. Gharama ikawa ya wote, siri ikawa ya wachache.

Shirika la Afya Duniani liliuomba ujuzi huo kwa ajili ya kituo cha Afrigen, Cape Town, halikupewa. Wanasayansi wa hapo hawakukaa kulia. Walitumia taarifa zilizokwisha kuchapishwa, na mapema mwaka 2022 wakatoa chanjo yao ya maabara. Mwaka huo huo Kenya, Misri, Nigeria, Senegal na Tunisia ziliteuliwa kufundishwa.

Hiyo ndiyo njia. Serikali za Afrika hazina budi kuwasomesha mafundi, kuwatunza wasikimbilie ng'ambo, na kununua chanjo zitakazotengenezwa barani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse mtegemea cha bepari!