Gitaa la Japani kwa fedha za upatu

Jumapili mbili zilizopita mdogo wangu alifika nyumbani kabla chai haijanywewa, akaketi kando ya Mama, akamwonyesha katika simu picha ya gitaa la umeme lililokuwa likiuzwa Tokyo. Kijana huyu hupiga gitaa la pili katika bendi ndogo ya mtaani, tena kwa gitaa la kuazima. Zamu ya Mama katika upatu ilikuwa imemfikia wiki ile, na yeye, kama walivyo wazazi, alikwisha kumwahidi. "Lakini kwanza muulize kaka yako," akasema, "yeye aliwahi kuagiza huko." Sikupenda kukumbushwa.

Ndugu msomaji pengine atauliza kwa nini vijana wayatamani magitaa hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Japani, kama kile cha Tokai cha mjini Hamamatsu, vilikuwa vikitengeneza nakala za magitaa mashuhuri ya Kimarekani kwa ustadi uliowatia hofu wenyewe Wamarekani. Mwaka 1982 kampuni ya Fender ikaungana na wafanyabiashara wa Kijapani, Kanda Shokai na Yamano, ikaanzisha Fender Japan, na magitaa yake yakaanza kutengenezwa katika kiwanda cha FujiGen huko Matsumoto. Kanda Shokai, kwa taarifa yako, ndiyo iliyokuwa ikiuza nakala hizo hizo kwa jina la Greco. Aliyekuwa mwigaji akafanywa mshirika! Mengi ya magitaa hayo yalikusudiwa soko la Japani peke yake, na hadi leo mtu huyatafuta huko huko, hasa Ochanomizu, mtaa wa Tokyo uliojaa maduka ya magitaa. Mwaka 2024, yeni iliposhuka hata dola moja ikapita yeni 160, bei za huko ziliwavutia wanunuzi wa nje zaidi ya kawaida.

Wauzaji wa Ulaya na Marekani hupenda kuliita kila gitaa la Kijapani la miaka ile "gitaa la kesi". Kesi ilikuwako kweli. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilimshitaki wakala wa magitaa ya Ibanez kule Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka uliofuata wakapatana. Lakini mshitakiwa alikuwa mmoja, na ugomvi ulikuwa juu ya kichwa cha gitaa, si juu ya utamu wa sauti. Anayepandisha bei kwa neno hilo anakuuzia hadithi. Afadhali utazame namba, kwani Wajapani wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuificha bei humo: Tokai LS-80 liliuzwa yeni 80,000 likiwa jipya, na Greco EG-500 yeni 50,000. Magitaa mawili ya umbo moja na mwaka mmoja yaweza kuachana sana kwa mbao na vyuma vyake, na namba ndiyo inayoliumbua lile la bei ndogo.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Miaka michache iliyopita niliagiza gitaa katika duka moja la huko la vyombo vilivyokwisha kutumika. Lilifika limefungwa vizuri mno, liking'aa. Lakini shingo yake ilikuwa imepinda, na nyuzi zimeinuka juu kama kamba za kuanikia nguo. Ndani ya shingo ya gitaa la umeme aghalabu huwamo fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza ili kuinyosha shingo. Fundi wangu alipoijaribu, akakuta imekwisha kukazwa hadi mwisho. Nikapandwa na hasira, nikaandika maneno makali. Duka likanijibu kwa adabu kwamba hayo yote yalikuwa yameelezwa. Naam, yalikuwa yameelezwa, kwa Kijapani. Mimi nilitazama picha.

Maduka ya huko, kwa kadiri nilivyoyajua, huandika kasoro bila kuona haya. Huandika freti zimebaki sehemu ngapi katika kumi, na kama fimbo ya shingo ingali na nafasi ya kukazwa. Neno janku maana yake ni kitu kibovu au kisichohakikishwa, kinachouzwa bila dhamana wala kurudishwa; na genjo ni kukuambia kwamba utakipokea kama kilivyo. Mashine ya kutafsiri iliyomo katika simu huweza kuyalainisha maneno haya mpaka yakasikika kama salamu.

Kisha kuna hesabu. Wauzaji wengi hawapeleki vitu nje ya Japani, hivyo huhitajiwa wakala wa huko, naye ana ujira wake. Sanduku la gitaa hupita mita moja, na zipo nchi ambazo posta ya haraka kutoka Japani haipeleki kifurushi kinachozidi mita 1.05. Likifika, kuna ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa ushuru ukiwa umekwisha kujumlishwa. Tena gitaa lenyewe halijali umeme wa nchi, maana halichomekwi ukutani. Lakini amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 100 za Japani, ukiichomeka katika volti 230 za kwetu bila transfoma, utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo.

Hayo yote nilimweleza mdogo wangu, naye akanisikiliza kwa uso wa mtu anayenyimwa. Hata hivyo tuliketi tukaliandikia duka maswali matatu: freti zimebaki kiasi gani, fimbo ina nafasi, na je, kuna kilichobadilishwa?

Jibu lilikuja Alhamisi. Freti zilibaki sehemu nne katika kumi. Fimbo haikuwa na nafasi. Vifungo vya kukazia nyuzi vilikwisha kubadilishwa. Kijana alilisoma mara mbili, akalifunika simu lake juu ya meza.

"Amesema kweli huyo mwenye duka?" Mama akauliza.

"Amesema kweli, Mama."

"Basi si mtu mbaya," akasema, akazirudisha fedha katika pindo la kanga.

Juzi mdogo wangu amekuja tena. Safari hii ni Tokai, na ameanza kunisomea maelezo tangu mstari wa kwanza. Picha nilimwomba mimi.