Mwalimu wa Ngoma Aujue Mwili

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili ngoma zetu zirudishiwe heshima iliyodharauliwa na ukoloni. Heshima hiyo imerudi kwa sehemu kubwa. Bagamoyo tunacho chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa; na wanafunzi wetu hushindana kwa ngoma katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Lakini liko jambo moja ambalo hatujalipa uzito unaostahili, nalo ni mwili wa mchezaji mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Terrat, pembezoni mwa Jiji la Arusha. Morani anaporuka adumu husimama wima, bila kukunja sana magoti, na visigino vyake havikai chini kati ya mruko mmoja na mwingine. Mtazamaji hudhani ni nguvu tupu. Sivyo. Ukano mkubwa ulio nyuma ya kifundo cha mguu huvutika mguu unapogusa ardhi, huhifadhi nguvu kama mpira, kisha huirudisha na kumrusha tena. Kila anapotua, miguu hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Wazee hawakuyaandika hayo vitabuni, lakini waliyapangia utaratibu: ngoma huchezwa juu ya udongo na majani, mmoja au wawili huingia kati, huruka kwa muda mfupi, kisha hutoka na kupumzika huku wenzao wakiimba.

Utaratibu huo ndio unaovunjwa ngoma hiyo inapohamishiwa kwenye ua wa saruji ili kuwafurahisha watalii, au kwenye sakafu ya shule kwa mazoezi ya mashindano, na vijana wote wakatakiwa kuruka pamoja kwa muda mrefu. Saruji hainywi kishindo. Hukirudisha kwenye muundi, goti na kiuno. Mfupa unaopigwa kila siku bila kupumzishwa huweza kuingia nyufa. Kijana akilalamika, huambiwa ajikaze. Huko si kumfunza ujasiri. Ni kumtwisha kijana ujinga wetu sisi tunaomwongoza.

Elimu ya kutuondoa katika ujinga huo ipo. Huko Marekani, Margaret H'Doubler, mwalimu aliyesomea elimu ya viumbe, alianzisha mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin masomo ya kwanza ya shahada ya ngoma nchini humo. Alifundisha akiwa na kiunzi cha mifupa darasani, ili mwanafunzi afahamu viungo vyake vinavyofanya kazi kabla ya kuiga mtindo wowote. Hatuna haja ya ngoma zake. Tunahitaji njia yake.

Wapo watakaosema kwamba sayansi itaua asili ya ngoma. Hofu hiyo haina msingi. Sindimba ya Wamakonde huchezwa kwa kiuno na magoti yaliyokunjwa. Adumu hutegemea vifundo vya miguu. Mkufunzi asiyeujua mwili huwapa wachezaji wa ngoma zote mbili mazoezi ya aina moja, akaziharibu zote. Anayeujua huilinda tofauti yake.

Wala tusisingizie gharama. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, wakiongozwa na wenzao waliopewa mafunzo mafupi, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Hapana budi moyo ule ule uingie katika ngoma. Vyuo vya ualimu vimpe kila mwalimu wa sanaa masomo ya viungo, misuli na mapumziko. Waandaaji wa mashindano waweke kanuni: ngoma zichezwe juu ya udongo au majani, mwili upashwe moto kwanza, na mwenye maumivu apumzishwe. Maafisa utamaduni wakae na wazee wa Terrat, waandike utaratibu wao kabla haujasahauliwa.

Ngoma ni mali ya Taifa, na haiwezi kudumu ikiwa vijana wanaoicheza watastaafu na magoti mabovu kabla ya kutimiza miaka 30.